Kilomita Mia kwa Baiskeli Ukishavuka Miaka Sitini: Mwongozo Kamili

Tarehe 4 Januari 2017, Mfaransa aitwaye Robert Marchand aliingia kwenye uwanja wa baiskeli wa Saint-Quentin-en-Yvelines, nje kidogo ya Paris, akazunguka saa nzima bila kusimama na kumaliza kilomita 22.547. Alikuwa na miaka 105. Watu wengi waliishia kushangaa umri. La maana zaidi lilitokea miaka michache kabla ya siku hiyo. Kati ya miaka 101 na 103, Marchand alifanya mazoezi kwa mpango wa Véronique Billat, mtaalamu wa fiziolojia, na uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ukapanda kutoka mililita 31 hadi 35 kwa kilo kwa dakika. Mzee aliyevuka karne moja aliongeza pumzi.

Aliendesha kilomita zipatazo 5,000 kwa mwaka. Asilimia 80 ya mazoezi yake yalikuwa ya mwendo mwepesi, na asilimia 20 tu ndiyo ya kukaza.

Mwaka 2018 watafiti wa King's College London na Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa matokeo ya kuwapima waendesha baiskeli 125 wasio wa kulipwa, wenye umri wa miaka 55 hadi 79. Sharti la kuingia lilikuwa mwanamume aweze kilomita 100 chini ya saa sita na nusu, na mwanamke kilomita 60 chini ya saa tano na nusu. Wengi wao misuli na nguvu havikuwa vimepungua kama ilivyozoeleka kwa wazee wengine.

Kwa hiyo nakuambia bila kusita: mwili uliovuka sitini bado unafundishika. Kilichobadilika ni muda unaouhitaji kujijenga baada ya kazi. Kijana akikaza leo, kesho yuko tayari. Wewe huenda ukahitaji siku mbili, wakati mwingine tatu. Ukilikubali hilo moja, mengine yote humu yatakuwa rahisi.

Nitatumia safari ya Mombasa hadi Malindi kama lengo letu, takriban kilomita 120. Aliye Dar es Salaam anaweza kulenga kwenda Bagamoyo na kurudi. Aliye Kilimanjaro au Arusha ana kilomita kama 80 kati ya miji hiyo miwili, na namshauri mara ya kwanza aanzie Arusha kuelekea Moshi, maana upande huo unashuka.

Kwanza daktari, na dawa zako mkononi

Nenda ukapimwe presha, sukari na umeme wa moyo, na umweleze daktari waziwazi kwamba unataka kuendesha baiskeli saa sita au saba kwa siku. Ukisema "mazoezi kidogo", atakushauri kuhusu mazoezi kidogo. Beba dawa zako zote mkononi, kwa sababu baadhi yake hubadilisha namna mwili unavyofanya kazi barabarani.

Dawa za presha za aina ya atenolol, bisoprolol au propranolol huzuia mapigo ya moyo yasipande. Ukizitumia, saa ya kupima mapigo haitakuonyesha ukweli wa juhudi yako, hivyo pima kwa pumzi kama nitakavyoeleza. Dawa zinazokupeleka haja ndogo mara kwa mara hupunguza maji na chumvi mwilini, na kwenye jua la pwani hilo ni jambo la kuangaliwa sana. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari katikati ya safari. Huyo apange na daktari wake dozi ya siku ya safari ndefu, na asitoke bila kitu cha sukari mfukoni. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, kuanguka kudogo kwake si kudogo. Usiache wala usipunguze dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

Shuka kwenye baiskeli na utafute msaada papo hapo ukihisi kifua kinabana, maumivu yakipanda begani au taya, kizunguzungu, au moyo ukidunda ovyo bila mpangilio. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Waliofanya mazoezi marefu kwa miaka mingi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata tatizo la mapigo yasiyo na mpangilio kuliko wenzao wa kawaida, kwa hiyo hata mzoefu lazima asikilize.

Kwa wanaume kuna jambo moja zaidi. Ukipangiwa kipimo cha damu cha tezi dume, kaa siku mbili bila kupanda baiskeli kabla yake, maana kuendesha kunaweza kupandisha majibu na kukutia hofu ya bure.

Baiskeli iliyokukaa

Mamba na Phoenix zimelea familia nyingi za Afrika Mashariki, nami naziheshimu. Ila ni nzito na zina gia moja, na kwa mwendo wa kilomita mia magoti ya miaka sitini yanataka gia nyepesi. Baiskeli ya mtumba yenye gia, iliyokaguliwa na fundi mzuri, inatosha kabisa. Kama unayo ya gia moja tu na huna namna nyingine, mwambie fundi akufungie nyuma gia yenye meno mengi zaidi. Utakwenda polepole kidogo, lakini vilima utavipanda umekaa.

Sasa kiti, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika kabla hazijaanza. Wazee wengi hukishusha ili miguu yote miwili ifike chini, wajione salama. Kiti cha chini ndicho kinachoua magoti. Fanya hivi: vaa viatu utakavyoendeshea, sogeza baiskeli ukutani, mwambie kijana akushikie usukani. Kaa sawasawa. Zungusha pedeli kinyumenyume mpaka ifike chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Mguu unyooke wote bila nyonga kuinama upande mmoja. Kisha rudisha mguu nyuma ukanyage pedeli kwa ile sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole. Goti litakunjika kidogo tu, na huo ndio urefu wako. Weka alama kwa kalamu ya wino kwenye bomba la kiti.

Endesha wiki nzima kabla ya kubadilisha chochote. Goti likiuma mbele, pandisha kiti nusu sentimita. Likiuma nyuma, shusha nusu sentimita. Nusu tu, kisha wiki nyingine. Na kama kutofika chini kunakutia wasiwasi, jifunze kushuka mbele ya kiti unaposimama: funga breki, nyanyuka kitini, teremsha mguu mmoja. Rudia kiwanjani mpaka mwili uzoee.

Usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Shingo na mgongo vitakushukuru baada ya saa ya tatu. Matairi mapana ya milimita 35 hadi 40, yasiyojazwa upepo hadi kuwa magumu kama jiwe, hupunguza mtikisiko unaochosha mikono. Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano simama juu ya pedeli kwa sekunde chache ili damu ipite. Ganzi sehemu za siri si jambo la kuvumilia. Likiendelea, inamisha kidogo pua ya kiti au ubadilishe kiti.

Akina mama wanaovaa dera au buibui wachague baiskeli isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha cheni na wavu wa kuzuia nguo kwenye tairi la nyuma, na suruali nyepesi ndani.

Na funga kioo upande wa kulia wa usukani. Sisi tunaendesha kushoto, magari yanatupita kulia, na shingo ya mtu mzima haigeuki kama zamani. Anayegeuza kichwa kwa shida huipeleka baiskeli upande ule ule anaotazama, yaani kwenye gari. Kwangu mimi kioo kinakuja mara tu baada ya helmeti.

Wiki kumi na sita

Panda mara tatu kwa wiki, usipande siku mbili mfululizo. Wiki nne za kwanza, safari mbili ziwe za dakika 30 hadi 45, na moja ndefu inayoanzia kilomita 15 na kufika 25. Mwendo wote uwe wa kuongea: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kusema, umezidisha, punguza. Hicho ni kipimo kizuri kuliko saa yoyote, na hakidanganywi na dawa. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke mara 70 hadi 85 kwa dakika, badala ya kusukuma gia nzito kwa mabavu.

Kuanzia wiki ya tano, moja kati ya zile safari fupi iwe ya kukaza. Pasha mwili dakika kumi na tano, kisha kaza dakika tatu kiasi cha kuweza kusema maneno matatu tu, halafu pumzika dakika tatu kwa mwendo mwepesi. Rudia mara nne, urudi nyumbani taratibu. Mara moja tu kwa wiki. Kuna wazee wanaojiona wamedhoofika na kuamua kukaza kila siku. Hao ndio wanaoacha kabisa mwezi wa pili.

Safari ndefu iongezeke kwa kilomita tano hadi kumi kila wiki, na kila wiki ya nne iteremke. Mfano: 30, 36, 42, kisha 28. Halafu 50, 58, 66, kisha 45. Mwezi wa mwisho 75, 85, kisha 50, na wiki ya mwisho ni safari mbili fupi nyepesi kabla ya siku yenyewe. Huna haja ya kufika 120 katika mazoezi. Aliyefika 85 akiwa na nguvu za kuongea, 120 ataimaliza.

Wiki ya kushusha ndiyo watu huiruka, wakijisikia vizuri. Usiiruke hata kidogo. Mwili hauongezeki nguvu ukiwa barabarani. Huongezeka ukiwa umelala. Pima mapigo yako asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na ukiyakuta yamezidi kawaida yako kwa kumi au zaidi, siku hiyo pumzika. Usingizi ukikukimbia, hasira ikikujia bila sababu, miguu ikawa mizito siku tatu mfululizo, hizo nazo ni dalili za kupumzika.

Kwa anayefunga Ramadhani, mwezi huo usiwe wa kuongeza umbali. Nusu saa ya mwendo mwepesi karibu na futari inatosha kuulinda msingi. Panga wiki kumi na sita zako zianze baada ya Idi.

Mifupa na misuli

Kuna jambo baiskeli haikupi. Kwa kuwa inabeba uzito wako, mifupa haipati shinikizo inayolihitaji ili ibaki imara. Mtu anaweza kuwa na mapafu ya ajabu na mifupa dhaifu, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mara mbili kwa wiki nyanyuka kutoka kitini bila kushika popote, mara kumi, mizunguko mitatu. Panda ngazi. Beba ndoo mbili za maji, moja kila mkono, uzunguke nazo uwani. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi kulia, jioni kushoto: hilo ni la kuzuia kuanguka.

Misuli inataka protini, na mtu mzima anaihitaji zaidi kuliko kijana ili kupata faida ile ile. Lenga walau gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, yaani kama gramu 84 kwa mtu wa kilo 70, na uzigawe kwenye milo yote. Wengi wetu tunakunywa chai na mkate asubuhi na kuacha samaki wote hadi usiku. Weka mayai, mbaazi au maharagwe kwenye kifungua kinywa. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kiasi alichopewa na daktari.

Kula na kunywa njiani

Kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Mwili wa mzee unaweza kuwa umekauka na mdomo usiseme. Kwa hiyo usisubiri kiu: kila dakika kumi na tano kunywa mafunda machache, jumla ya nusu lita hadi mililita 750 kwa saa kulingana na joto. Lakini usijazie maji matupu kupita kiasi, kwani nayo yana hatari, huteremsha chumvi ya damu. Kwenye chupa ya lita moja tia robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vichache vya sukari na ndimu moja. Mwenye presha amuulize daktari wake kuhusu chumvi hiyo.

Madafu ni mazuri na yanapatikana njia nzima. Yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, hivyo yafuatishe na karanga za chumvi. Mwenye matatizo ya figo asiyanywe kwa wingi.

Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia saa ya kwanza, kabla tumbo halijalalamika. Tende kubwa moja inakaribia gramu 15 hadi 18, ndizi moja ya wastani kama 25. Tende mbili na ndizi moja kwa saa zinakutosha. Tende zitoe kokwa nyumbani, uzifunge mbili mbili, uziweke kwenye mkoba wa mbele ambapo mkono mmoja unafika. Usile kitu chochote barabarani ambacho hujakijaribu mazoezini. Viazi karai na bajia ziache kwa ajili ya Malindi, maana mafuta hukaa tumboni.

Siku ya safari

Chagua Julai, Agosti au Septemba. Masika yamepita, jua limepoa, na kusi linavuma kutoka kusini, yaani mgongoni mwako unapoelekea Malindi. Ukienda Januari au Februari, kaskazi itakukabili uso kwa uso njia nzima, na kilomita 120 zitakuwa kama 150. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kurudi Mombasa kwa baiskeli siku ya pili. Rudi kwa basi, baiskeli juu.

Toka Jumapili, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanga ukiwa umeanza. Macho ya umri wetu yanahitaji mwanga mwingi, usianze gizani. Washa taa ya nyuma hata mchana. Kutoka daraja la Nyali kupita Kongowea na Bamburi hadi Mtwapa ndiyo sehemu ya matatu na bodaboda, kwa hiyo nenda taratibu, na matatu ikiwa imesimama, usiipite kwa upande wake wa kushoto ambako abiria wanateremka. Baada ya Mtwapa barabara hupumua, na mashamba ya mkonge ya Vipingo yatakuonyesha kwamba unakwenda vizuri.

Lori likija nyuma, shika usukani kwa mikono yote miwili lakini legeza viwiko. Upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta kuelekea barabarani likishapita. Ukilazimika kutoka kwenye lami, punguza mwendo kwanza. Usijaribu kurudi huku tairi likiuparamia ukingo wa lami kwa ubavu, litateleza na utaanguka upande wa magari. Simama, shuka, inua baiskeli.

Kwa mwendo wa kilomita 17 kwa saa utavuka daraja la Kilifi mnamo saa nne kasorobo. Pumzika dakika 45, kula kitu chepesi, nyoosha mgongo, jaza chupa zote. Kuanzia pale mbele, hasa ukipita msitu wa Arabuko-Sokoke kabla ya Gede, maduka hupungua. Hapa ndipo uamuzi wa kweli unapofanyika: ukiwa Kilifi na hujisikii vizuri, lala Kilifi. Namshauri kila aliyevuka sabini aigawe safari hii kwa siku mbili mara ya kwanza, bila kuona haya. Ukiendelea, pumzika tena Gede wakati jua liko juu, na utafika Malindi kama saa tisa kasorobo alasiri.

Beba tyubu mbili, viraka na sulusheni, pampu, vijiti vya kutolea tairi, spana, dawa zako za siku, fedha, na karatasi ndani ya plastiki yenye jina lako, dawa unazotumia na namba ya simu ya nyumbani. Mtu mmoja nyumbani ajue unapita wapi saa ngapi, na umpigie simu Kilifi na Gede.

Baadaye

Ndani ya saa moja ya kufika, kula wali na samaki au maharagwe, na uendelee kunywa mpaka mkojo urudi rangi nyepesi. Kesho yake tembea tu. Usipande baiskeli siku tatu, na usikaze chochote kwa siku kumi.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kipimo kinachotumika duniani kote katika baiskeli za masafa marefu, mtindo ule ule unaopeleka watu Paris hadi Brest na kurudi, nchini Ufaransa, huanzia kilomita 200 kwa saa 13 na nusu. Hiyo ni wastani wa karibu kilomita 15 kwa saa pamoja na mapumziko yote, yaani mwendo ambao umekwisha kuuzoea. Usiongeze kasi. Safari ndefu ifanye kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, zile fupi ziache kama zilivyo, na uiongeze kwa kilomita 15 kila mara hadi ufike 150.